Aliyewafundisha Vijana wa Kromhoek Kuomba Radhi: Bi. Margriet Kloosterboer Anastaafu

Baada ya miaka arobaini na moja ya utumishi, Bi. Margriet Kloosterboer, polisi wa mtaa wa Kromhoek, atakabidhi redio, funguo na baiskeli ya kazi siku ya Ijumaa, tarehe 30 Januari. Sherehe ya kumuaga itaanza saa tisa alasiri katika kantini ya kituo chetu cha Mosselkade, Rotterdam kusini. Viti vitapangwa duara kama kawaida, kila mtu atampongeza kila mtu, na keki ataleta mwenyewe, maana ndiyo ada yetu na hata anayeondoka hasamehewi. Ameomba iandikwe hapa kwamba mtu asichukue kipande cha pili kabla wageni hawajapata cha kwanza. Anatujua.

Kurasa za namna hii huwa hazinisumbui kuandika. Unachukua miaka ya kazi, unachomeka vichekesho viwili, unaweka picha ya zamani yenye nywele za kuchekesha, unamaliza na shukrani. Huu wa Margriet, ambaye sote tunamwita Riet, umenirudia mara mbili. Mara ya kwanza aliurudisha bila neno. Mara ya pili alivuta kiti, akakaa mbele ya meza yangu, akasema kwa upole kabisa: "Huyu mtu uliyemwandika hakufanya kazi hapa." Nilijua anachotaka. Kila mtu kituoni anakijua. Basi nimeandika upya, na mkuu wa kituo ameusoma ukurasa huu kabla haujachapwa. Alivua miwani, akaivaa tena, akasema uchapwe hivi hivi.

Riet ni binti wa fundi wa boti wa Maassluis. Aliingia jeshi la polisi akiwa na miaka ishirini na miwili, enzi ambazo askari wa kike alipewa sketi ya sare, na mshonaji wa sketi hiyo hakuwahi kumwona mtu akipanda baiskeli. Wiki ya kwanza aliipasua pembeni mbele ya paredi nzima. Ya pili akaipasua vilevile, upande wa pili, na wiki ya tatu bohari wakampa suruali ya kiume na mkanda wa kuikazia. Husema huo ndio ushindi wake wa kwanza kazini, na kwamba aliupata bila kuandika barua kwa mtu.

Alikaa miaka kadhaa kwenye usalama barabarani, akahamia mali za wizi, kisha akapelekwa Kromhoek kushughulikia vijana. Wenzake walimpa pole kana kwamba amefiwa. Siku hizo Kromhoek haikuwa na benki wala duka la dawa, na vioo vya kituo cha tramu vilikuwa havimalizi mwezi. Mkuu wa wakati ule alimpa mkakati wote wa kuzuia uhalifu wa vijana akiwa amesimama mlangoni na koti mkononi: awakamate wachache, wengine wataogopa. Riet alimwitikia, akateremka jikoni, akaulizia kama kuna birika la umeme lisilo na mwenyewe.

Jiko hilo ndilo lililokuja kuwa ofisi yake. Wageni kutoka wizarani wakija kuuliza tunazuiaje watoto wasiharibike, huwa tunawaonyesha michoro ukutani na kuwaeleza mikutano yetu na shule na ustawi wa jamii. Yote hayo yapo na yana maana. Lakini kazi yenyewe kwa miaka mingi ilifanyika jikoni, penye meza ya plastiki, chupa ya kahawa na kopo la biskuti.

Wote tunajua utaratibu. Kijana akikamatwa mara ya kwanza kwa kosa dogo, kaiba manukato dukani au kavunja kioo, hapelekwi mahakamani. Anapewa saa kadhaa za kazi, na anatakiwa aende kwa aliyemkosea akaombe radhi uso kwa uso. Kwingine jambo hili hufanywa haraka haraka, kijana anaguna neno moja huku anatazama viatu vyake, mkosewa anaguna pia, basi. Riet hakukubali. Kijana wake alifanya mazoezi jikoni kwanza, akiwa amesimama, na Riet akiwa ndiye mwenye duka.

Masharti yake yalikuwa machache na kila mtoto wa Kromhoek anayajua. Unataja jina lako. Unasema kwa mdomo wako ulichofanya, chote, bila kukifupisha. Hutamki "lakini". Husemi "kama nilikukwaza", kwa sababu unajua ulimkwaza. Mama yako hawezi kukuombea, hata akilia. Aliyekosa ndiye anayekwenda. Akishayasema vizuri, kijana alipata biskuti ya pili, na wanaofahamu jinsi kopo linavyofungwa haraka katika nyumba zetu baada ya biskuti ya kwanza wataelewa uzito wa tuzo hiyo. Kisha wanakwenda. Riet hubaki chini ya ngazi, kijana hupanda peke yake.

Mwisho wa yote, Riet humpa kijana ahadi. Humwambia kwamba ameshasimama mlangoni kwa mtu, yamekwisha, na kuanzia siku hiyo polisi hawatalitaja tena jambo lile. Wengi waliniambia, wakiwa watu wazima wenye ndevu, kwamba walipanda ngazi zile kwa ajili ya ahadi hiyo tu.

Mambo hayakwenda sawa kila mara. Kijana mmoja aliyeiba mkate aliomba radhi vizuri mno hata mwoka mikate akamfungia mkate mwingine wa zabibu aende nao nyumbani. Kesho yake alfajiri alirudi na wenzake watatu ambao hawakuwa wameiba chochote, wamejipanga foleni, kila mmoja ana kosa lake alilotunga njiani. Mwoka mikate akampigia Riet kuuliza kama hii ndiyo kampeni mpya ya serikali. Mwingine aliwahi kuiba baiskeli ya Riet mwenyewe mbele ya kituo. Baiskeli hiyo ilikuwa na kanyagio linalolia hata viziwi wanalisikia, na Riet alimpata kwa kufungua dirisha na kutega sikio. Kijana alipokuja jikoni kuomba radhi alikuwa amelitia mafuta kanyagio, na Riet akamlaumu kwamba sasa hatajua tena iko wapi. Kijana huyo leo ni fundi wa kufuli, habari ambayo Riet huitoa kwa tahadhari.

Tusisahau mechi za Jumatano kwenye uwanja wa nyuma ya shule, alizochezesha na sare zake zote, pingu kiunoni. Siku naibu meya alipokuja kupigwa picha akipiga penalti, Riet alimwonyesha kadi ya njano kwa kuingia uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi. Picha iliyotoka gazetini ndiyo hiyo ya kadi. Vijana waliikata, wakaibandika kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na ipo mpaka leo.

Hapo ndipo wasifu wa kwanza ulipoishia, kwa shukrani na maua. Sasa niendelee.

Miaka minne iliyopita, siku ya mkesha wa mwaka mpya, mtoto wa miaka kumi na mitatu aitwaye Shurnel Isenia alitia fataki kwenye sanduku la barua la baharia mstaafu anayeishi Kromhoek. Sanduku lilipasuka, na mzee wa watu alikaa siku mbili hasikii vizuri. Shurnel anaishi ghorofa ya tatu na mama yake, Mirelva, mzaliwa wa kisiwa cha Curaçao, dereva wa tramu. Watu wengi wanamjua mama huyu kwa sababu husubiri abiria wanaokimbia. Shurnel alikuja jikoni, akafanya mazoezi kwa siku tatu maana kila akifika kwenye neno fataki alikuwa anacheka kwa woga, kisha akapanda ngazi za baharia akasema yote. Akapata ahadi yake. Akatulia, akasoma, na alipofika miaka kumi na saba alikuwa anajifunza kazi ya kutunza wagonjwa. Alipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika nyumba ya wazee ng'ambo ya mfereji. Riet alikuwa akikutana naye asubuhi akienda kazini na sare yake nyeupe, na alitusimulia habari hizo kantini mpaka tukamwambia atafute habari nyingine.

Mwezi Mei mwaka jana, bibi mmoja alisukumwa chini kwenye kituo cha tramu na kijana mwenye baiskeli ya umeme ya matairi manene, akanyang'anywa mkoba, akavunjika kifundo cha mkono. Kamera ilinasa picha: kofia ya koti imeshuka machoni, nusu ya uso. Riet alikuwa likizo Zeeland, huko pwani, na mume wake Teun, kwenye nyumba yao ya magurudumu. Picha ikaingia kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mnalijua grupu hilo, mtaa gani wa mji huu hauna kibao chake kwenye nguzo ya taa, cha kuwaonya wezi kwamba majirani wanaangalia? Mkazi mmoja akaandika: si yule mtoto wa Isenia? Na mwenzetu aliyekuwa zamu ya kusimamia grupu, sajenti Jelmer Bijvoet, akajibu kwa jina la polisi: "Tunamfahamu. Tunalishughulikia."

Jelmer amenitaka nimtaje kwa jina. Nilipomuuliza alimfahamu vipi, alisema alimkumbuka jikoni. Hakuwahi kumwona popote pengine. Alimwona mara moja tu, akiwa mdogo, amesimama mbele ya Riet anajifunza kuomba radhi, na sura ikamkaa. Nimelifikiria jambo hili kwa miezi na bado linaniwasha uso. Vijana tunaowafahamu kwa sura ni wale waliokuja kwetu kwa hiari, wakasimama, wakasema. Waliokwepa hatuwajui.

Askari wawili walimfuata Shurnel kazini, ndani ya nyumba ya wazee, mbele ya wazee wenyewe. Alikuwa anamnywesha supu mzee asiyeweza kushika kijiko, na saa ya tukio alikuwa humo humo, wauguzi wakimwona. Kufika jioni alikuwa ameachiwa. Lakini grupu lilikuwa na watu mamia, na mkurugenzi wa nyumba ya wazee alikuwa mmoja wao. Alimwambia kijana apumzike kwanza mpaka mambo yatulie. Mambo yalipotulia nafasi ilikuwa imeshakwenda kwa mwingine. Mama yake aliendelea kuendesha tramu. Alikuwa anawaona kwenye kioo abiria wakipanda, wakamtambua, wakahamisha mikoba yao kutoka goti moja kwenda jingine.

Kabla Mei haijaisha, mwizi mwenyewe alipatikana, kijana wa mji mwingine kabisa, akiwa na mkoba wa bibi na mikoba mingine ya watu. Kituo kikafuta ule ujumbe kwenye grupu. Tuliufuta kama mtu anavyopangusa meza, hatukuandika kitu mahali pake. Kisha kitengo cha sheria kikapeleka kwa familia ile karatasi yenye sentensi moja ya maana: tunasikitika iwapo tukio hili limekuletea usumbufu.

Riet aliporudi likizo alikuta hayo yote. Alikwenda kantini na nakala ya karatasi ile, akaisoma kwa sauti huku tunakula, kisha akauliza kama kijana wa miaka kumi na mitatu angemletea maneno haya jikoni, angempa biskuti ya pili au asingempa. Tulikuwa watu kumi na kitu mle ndani. Kila mmoja aliona mkate wake una jambo la kutazamwa. Sisi ambao kazi yetu ni kuwaambia watoto wa watu watutazame machoni.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Mirelva. Alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, na sijathubutu kumwomba arudie. Mirelva alifungua mlango akiwa na sare za tramu, akamsikiliza Riet akianza kuomba radhi, kisha akamkatiza.

"Dada Riet, ulikosa nini wewe?"

Riet akasema ni kituo chake, ni wenzake.

"Mwanangu alipotia moto lile sanduku nilikuja kwako nikilia," Mirelva akamwambia. "Nikakuomba uniache niende mimi, yeye mdogo. Ukaniambia mama hawezi kwenda, aliyekosa ndiye anayekwenda. Sasa unataka kuwa mama yao?"

Riet alishuka ngazi, akachukua baiskeli yake.

Tangu siku hiyo alibadilika, na sisi tulijitia hamnazo. Alianza kuzunguka na baiskeli kwa njia ya mfereji, kwenye upepo wote ule, ili asipite chini ya madirisha ya akina Isenia. Mwezi Juni walimletea msichana aliyeiba simu shuleni. Riet alimpa kahawa ya maziwa, akampa biskuti moja, wakakaa, kisha akainuka akamwomba mwenzetu ampeleke kwenye ofisi nyingine. Nilimfuata nje kumuuliza kama anaumwa. Akasema: "Nitamwahidi nini?" Hakuna kijana aliyeingia tena jikoni baada ya huyo. Mapema asubuhi tulikuwa tunalikuta birika limekauka, na hakuna aliyekuwa na uso wa kulijaza maji.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa kituo, Bw. Evert Hoogendijk, zaidi ya mara moja. Mkuu alimweleza kwamba kitengo cha sheria kinasema kuomba radhi ni kukiri, na kukiri kuna matokeo. Riet akamuuliza vijana wake walipokuwa wanakiri, matokeo yao alikuwa anayabeba nani. Mkuu akasema ataliangalia. Jelmer naye aliomba ruhusa ya kwenda, akaamriwa asiende, na kwa maneno yake mwenyewe, alishukuru kuamriwa. Likaja joto, likapita, tukala mkate wa sikukuu ya mtakatifu Nikolasi na kupeana zawadi kwa kura ya majina, na bado tulikuwa hatujaenda. Sisi watu wa mji huu ambao tunajisifu kwamba kitu tukikiona tunakisema hapo hapo, tulikuwa tunalizunguka jambo hili kama paka na maji.

Desemba ofisi ilianza kupitisha bahasha ya zawadi ya Riet. Wazo lilikuwa baiskeli ya umeme. Aliposikia aliomba bahasha irudishwe kwa watu, akapanda tena kwa mkuu, safari hii akauacha mlango wazi, nadhani kwa makusudi. Alisema hataki sherehe. "Nimewaambia watoto wa watu wawaamini ninyi," alisema. "Nitakulaje keki nanyi?" Hakupandisha sauti hata kidogo. Ukumbini nje mashine ya kunakili peke yake ikawa inaendelea.

Jumamosi ya kwanza ya Januari, asubuhi, mkuu na Jelmer waliteremka jikoni. Riet alikuwa amewasha birika. Naweza kusema niliyoyaona kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye korido na sikuwa na sababu yoyote ya kuwa pale. Aliwasimamisha, mmoja mmoja, yeye akakaa. Mkuu wetu amehutubia mikutano mpaka Brussels na Vienna kuhusu vijana na imani ya jamii. Jaribio lake la kwanza lilikuwa na "lakini" tatu na "mazingira ya kazi" moja. Riet alivuta kopo la biskuti karibu yake. La pili lilikuwa fupi zaidi, ila jina lake hakulitaja, alijiita ofisi. Riet akamuuliza kama ofisi ina mama. La tatu, sauti ikamkwama katikati, akageuka kutazama dirisha, na Riet akamwambia kwamba hapo alipokwama ndipo pa kuanzia.

Jelmer alijaribu mara moja tu. Alisema alichofanya kwa maneno machache. Riet hakumsahihisha.

Kisha wakaenda. Riet alibaki chini ya ngazi, ameshika baiskeli. Jelmer ndiye aliyenisimulia ya juu. Mirelva alifungua, akawatazama sare mpaka viatu, hakuwakaribisha ndani. Alimwita mwanawe. Kwenye kibaraza kile kirefu cha ghorofa ya tatu milango mingine miwili ilifunguka kidogo, pazia la tatu likasogea. Mkuu akavua kofia, akasema: naitwa Evert Hoogendijk. Akasema kituo anachokiongoza kilimtangaza mtu asiye na kosa mbele ya mtaa wake, kilimtoa kazini mbele ya wazee aliokuwa akiwatunza, na kilipojua ukweli kilinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa uamuzi wake yeye. Jelmer akasema lake: kwamba yeye ndiye aliyeandika, na alimtambua kutoka jikoni.

Shurnel amekuwa mrefu kuliko wote wawili. Aliwasikiliza hadi mwisho, mikono mifukoni.

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu," akasema. "Nilikuja peke yangu, na nilikuja wiki ile ile."

Akawauliza lile waliloandika waliliandika wapi. Jelmer akasema kwenye grupu. Shurnel akasema basi waliandike huko huko. Mkuu alifungua mdomo, nadhani kitengo cha sheria kilimjia kichwani, akaufunga. Jelmer akatoa simu, akaandika amesimama pale pale mlangoni, akataja jina la Shurnel Isenia, akataja kosa, akataja jina lake mwenyewe, akatuma. Simu zikaanza kulia nyuma ya milango, moja baada ya nyingine, kibaraza chote, na ya mwisho ikalia mfukoni mwa Mirelva. Aliitoa, akaisoma yote polepole, akaitia tena mfukoni.

Shurnel hakusema amesamehe. Alisema, "Nimesikia," akarudi ndani. Mama yake akafunga mlango taratibu.

Ningependa kuandika kwamba nafasi yake ilirudi. Haikurudi. Amejitafutia mwenyewe nyumba nyingine ya wazee, mbali, tramu mbili na basi, na anaanza mwezi ujao pamoja na wanafunzi walio nyuma yake. Mwaka mzima wa kijana umepotea mikononi mwetu, na hatuna pa kuutoa mwingine. Hilo nalo Riet alitaka liandikwe, na mimi nimekubaliana naye, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Riet amekubali sherehe. Ameweka sharti moja kuhusu mrithi wake, nalo limepita: polisi mpya wa mtaa wa Kromhoek ni sajenti Jelmer Bijvoet. Wapo waliolalamika, mimi nikiwa mmoja wao. Riet alitujibu kwamba katika kituo hiki kizima, ukimtoa mkuu, ni huyo tu anayejua ngazi zile zina urefu gani. Kuhusu ahadi, amemwambia hawezi kumwachia, kwa kuwa si yake tena kuigawa. Vijana wakiiamini siku moja, watakuja. Mpaka leo hawajaja.

Kwa hiyo, Riet, pokea shukrani zetu kwa miaka arobaini na moja, kwa vijana waliotulia ambao hatutawajua kamwe kwa majina, kwa sketi zile mbili, na kwa kuurudisha ukurasa wa kwanza nilioandika. Tunakuombea wewe na Teun asubuhi ndefu huko Zeeland, redio ya kazi isikike kwa wengine, wajukuu waje kwa wingi na waondoke kwa wakati. Na siku ukija Rotterdam kutembea, usizunguke tena kwa njia ya mfereji. Pita chini ya madirisha yale, piga kengele, salimia. Wewe huna deni la uso na mtu yeyote Kromhoek. Aibu ile uliyoibeba tangu Mei ilikuwa yetu sisi, na tumechelewa sana kuja kuichukua.